Pua ya mdogo wangu ilianza lini kuwa mbaya?

Mtaniwia radhi, nimekuwa kimya karibu mwezi mzima. Mhariri alinipa likizo, nami nikapanda basi la alfajiri kutoka Mwanza, tukavuka Busisi, tukaipita Geita na vumbi lake, na mchana nikawa nyumbani Chato nakula sato kwa ugali wa muhogo. Nilikusudia kulala tu na kuogelea ziwani kama zamani. Badala yake nimerudi na daftari lililojaa habari za pua. Ndiyo, pua. Msicheke kwanza.

Ilianza hivi. Jioni ya pili umeme ulikatika, tukatoka kukaa barazani. Mdogo wangu wa kike, ambaye nimemtangulia kwa miaka minne na ambaye siku hizi anauza dagaa kwa jumla kule mwaloni, akanisogezea simu yake. "Kaka, hebu mwangalie huyu." Nikaona picha ya msichana mzuri, pua imesimama, nyembamba, kama ya wale waigizaji wa tamthilia za Kituruki ambazo mama hazikosi hata kama sufuria inaungua. Nikauliza ni nani.

"Ni mimi," akasema.

Alikuwa ameipitisha picha yake kwenye programu ya simu inayobadilisha sura. Kisha akashusha sauti ili mama asisikie. Ana akiba yake kwenye kikoba, na anataka kwenda nje ya nchi kufanyiwa upasuaji wa pua. "Wewe ni mwandishi wa habari, unajuana na madaktari. Niulizie kama inafaa kwa mtu kama mimi."

Ulimi ulikuwa umeshapanda. Nilitaka kumshushia mhadhara wote ninaoujua kuhusu kujitambua, kujipenda na Uafrika wetu. Nikanyamaza, kwa sababu nilijua sina haki hiyo. Nilipokuwa darasa la tano niliwahi kulala na kibanio cha nguo puani kwa wiki nzima, nikiamini kwamba Jumatatu nitaamka na pua ya mtu mwingine. Nilichoamka nacho ni alama mbili nyekundu na mafua. Shuleni jina langu lilikuwa Soketi, kwa sababu ya matundu mawili makubwa. Hata mwalimu wa zamu aliwahi kuniita hivyo mstarini, shule nzima ikacheka.

Basi nikamwahidi mdogo wangu kwamba nitauliza. Nimeuliza kweli, na majibu ya madaktari nitawapa hapo chini. Lakini kwa kuwa chuo kikuu nilisoma historia, nilianza na swali la nyuma kidogo. Hii pua ambayo sasa inataka kukatwa kwa fedha za dagaa, ilianza lini kuwa mbaya? Nani alisema?

Jibu la kwanza nililikuta limepita karibu na mlango wetu. Wilaya ya Chato ilimegwa kutoka Biharamulo mwaka 2005, na zamani eneo hili lote wageni walilijua kama Uzinza na Rusubi. Mwaka 1861 Mwingereza John Hanning Speke, akiwa na mwenzake James Grant, alipita pande hizi akitokea Kazeh, ambayo ndiyo Tabora ya leo, akitafuta chanzo cha Nile. Uzinza ilimtoa jasho. Aliugua, wapagazi wakamkimbia, na kila mtemi alidai hongo ya vitambaa na shanga kabla ya kumruhusu apite. Rusubi, aliyoiandika "Usui", mtemi Suwarora naye alimkamua vilivyo. Mwezi Novemba mwaka huohuo alifika Karagwe kwa mfalme Rumanika, na hapo akapumua. Rumanika alimpokea kwa ukarimu, akamlisha, akazungumza naye kwa heshima.

Sasa angalia kilichotokea katika kichwa cha mgeni aliyechoka. Watu waliomsumbua njiani aliwaona wabaya, na waliompokea vizuri akawaona wazuri. Katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1863 aliwasifia watawala wa Karagwe kwa nyuso zao za yai, macho makubwa na pua zilizosimama, na akatoa hukumu kwamba watu wa namna hiyo asili yao lazima iwe Uhabeshi. Kwa maneno mengine, yeyote Mwafrika mwenye utawala wa maana na pua iliyonyooka si Mwafrika hasa, ametoka kwingine. Nadharia hiyo baadaye ilikuja kuitwa ya Kihamiti. Haikuwa na ushahidi zaidi ya macho ya msafiri mmoja na mapenzi yake, lakini ilichapishwa London, na kilichochapishwa London wakati ule kiligeuka elimu.

Sisemi kwamba babu zetu hawakuwa na macho ya kuchagua. Walikuwa nayo. Watu walichanja chale, wengine walichonga meno, na mwanya mpaka leo una wapenzi wake. Hapohapo Karagwe Speke alikuta wake wa nyumba ya kifalme wananyweshwa maziwa mpaka wananenepa wasiweze kusimama, na huo ndio ulikuwa uzuri wenyewe. Alishangaa hata akatoa futi ya kupimia na kumpima mmoja wao mkono, kifua na paja. Leo mtu analipa fedha ili mafuta hayohayo yapunguzwe. Uzuri unahama, kila nchi na kila zama na wake. Jambo jipya lililoingia na Speke halikuwa upendeleo, maana huo ulikuwapo. Lilikuwa ni kuipanga pua kwenye ngazi, ya nani bora na nani dhalili, nani atawale na nani abebe mzigo.

Ngazi hiyo ilikuja kuua watu. Wabelgiji walipotawala Rwanda na Burundi waliipokea nadharia hii kama ilivyo. Wataalamu wao walipima vimo, mafuvu na pua, na katika miaka ya 1930 utawala ukatoa vitambulisho vilivyoandikwa Mtutsi, Mhutu au Mtwa. Mwaka 1994, kwenye vizuizi vya barabarani, wauaji waliangalia vitambulisho hivyo, na palipokosekana kitambulisho waliangalia kimo na pua. Kuna waliokufa kwa pua ambayo wala haikuwa na kabila walilodhaniwa. Tarehe 28 na 29 Aprili mwaka ule, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara ndani ya siku moja hivi. Miili ilibebwa na mto Kagera hadi ziwani. Mimi nilikuwa sijazaliwa, lakini mama anakumbuka siku ambazo nyumbani walipika maharage tu, hakuna aliyetaka samaki.

Kwa hiyo ukisikia mtu anasema pua ni jambo dogo, mwambie aulize Ngara.

Jibu la pili nimelikuta mbali, Berlin, lakini ni ndugu wa hilo la kwanza. Upasuaji wa kurekebisha pua kwa ajili ya sura tu, bila ugonjwa wala jeraha, ulipata baba yake pale, daktari Myahudi aliyeitwa Jacques Joseph. Hakuwa wa kwanza kabisa, kwani Mmarekani John Orlando Roe wa Rochester alikwishachapisha upasuaji wake mwaka 1887, akipita ndani ya tundu la pua ili kovu lisionekane. Lakini Joseph ndiye aliyeijenga fani. Mwaka 1896 alirekebisha masikio ya mtoto mmoja aliyechekwa na wenzake, na kwa kosa hilo akapoteza kazi katika kliniki, maana wakubwa wake waliona daktari hapaswi kumkata mtu mzima wa afya. Mwaka 1898 akapunguza pua ya mwanaume aliyekuwa hataki tena kutoka mbele za watu kwa sababu ya ukubwa wake. Kisha akasimama mbele ya chama cha madaktari wa Berlin na kueleza kwamba mtu yule alikuwa anaumia kweli, ingawa maumivu hayakuwa ya mwili, na baada ya upasuaji amerudi katika maisha ya watu.

Hoja hiyo ni nzito na siwezi kuidharau. Lakini tazama ni Berlin gani hiyo. Ilikuwa Berlin ya magazeti yaliyochora Wayahudi kwa pua zilizopinda kama ndoano, mahali ambapo pua ingeweza kukunyima kazi, nyumba na mchumba. Wayahudi wengi walikwenda kwa Joseph, na hawakwenda kwa sababu pua zao zilikuwa zinawauma. Walichotaka ni kupita barabarani bila kutambuliwa. Daktari alifanya kazi yake vizuri sana. Alifariki mwaka 1934, Hitler akiwa amekwishashika madaraka, na kilichofuata tunakijua sote. Kisu kilinyoosha pua nyingi, lakini hakikuigusa chuki hata kidogo.

Nilipofika hapo nilikuwa tayari kumwandikia mdogo wangu barua ya kumkatalia. Bahati nzuri niliendelea kusoma, maana kuna historia nyingine ya pua, na hii inapita Afrika Mashariki kwa njia nzuri zaidi.

Ni historia ya pua zilizopotea. India ya kale walijua kuijenga pua upya kwa kuteremsha ngozi ya paji la uso, kwa sababu kukata pua ilikuwa adhabu. Mwaka 1794 gazeti moja la London lilichapisha habari za Cowasjee, dereva wa mkokoteni wa ng'ombe katika jeshi la Waingereza, aliyekatwa pua na askari wa Tipu Sultan kisha akatengenezewa nyingine na fundi wa kienyeji karibu na Poona. Daktari Carpue wa London akajifunza, akafanya kama hivyo mwaka 1814. Vita vya kwanza vya dunia vilipoharibu nyuso za vijana kwa maelfu, Harold Gillies kutoka New Zealand alitibu zaidi ya wanajeshi 5,000 katika hospitali ya Sidcup iliyofunguliwa mwaka 1917. Vita vya pili vilipokuja, binamu yake Archibald McIndoe alichukua zamu kwa marubani walioungua nyuso na mikono ndani ya ndege zao.

Huyu McIndoe alikuja kupata shamba kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Huko, mwaka 1957, yeye na madaktari wenzake wawili, Mwingereza Michael Wood na Mmarekani Tom Rees, walianzisha shirika la madaktari wanaoruka kwa ndege kwenda hospitali za vijijini. Ndiyo AMREF tunayoijua. Wengi wetu tunaifahamu kwa chanjo, UKIMWI na mafunzo ya wauguzi, lakini waanzilishi wake wote watatu walikuwa mabingwa wa upasuaji wa kurekebisha maumbile. Walikuwa wanatua kwenye viwanja vya nyasi kushona midomo sungura, kufungua makovu ya moto yaliyokunja mikono ya watoto, na kujenga upya nyuso zilizong'atwa na fisi.

Tom Rees ndiye aliyenivutia zaidi. Kwao New York alikuwa miongoni mwa madaktari wakubwa wa upasuaji wa urembo, akiwanyoosha pua matajiri na watu maarufu, na kitabu chake kikubwa cha fani hiyo kilitoka mwaka 1980. Afrika Mashariki mikono hiyohiyo ilikuwa ikimtengenezea pua mchungaji wa ng'ombe asiyekuwa nayo. Mtu mmoja, kisu kimoja, pua mbili tofauti. Yule mchungaji alikuwa anaomba kurudishiwa kitu alichokuwa nacho, na daktari akijitahidi anaweza kukirudisha. Yule tajiri alikuwa anaomba kitu ambacho hajawahi kuwa nacho, na mara nyingine nyuma ya ombi hilo lipo jingine ambalo hakulisema: apendwe, asichekwe, asiachwe. Hapo ndipo kazi ya daktari inapokuwa ngumu.

McIndoe alilijua hilo hata kwa marubani wake. Mwaka 1941 wagonjwa wake waliunda chama wakakiita Guinea Pig Club, kwa maana ya wanyama wa majaribio, na hadi vita inakwisha walikuwa 649. Aliwashona vizuri kadiri utaalamu wa wakati ule ulivyoruhusu, lakini hawakutoka na sura zao za zamani. Kwa hiyo akafanya jambo ambalo halimo katika vitabu vya upasuaji. Aliwaendea wakazi wa mji mdogo wa East Grinstead palipokuwa na hospitali, akawaomba wawakaribishe vijana hawa majumbani, kwenye baa na kwenye sinema, wawatazame usoni bila kushangaa. Wakazi wakafanya hivyo. Mji ule ukapata sifa ya kuwa mji usiokodoa macho. Daktari yule alielewa kwamba uso una wenyewe wawili, mwenye kuuvaa na wenye kuutazama, na kwamba kisu kinamfikia mmoja tu.

Sasa nirudi kwa swali la mdogo wangu: inafaa kwa mtu kama yeye? Likizo ilipokwisha nilizungumza na daktari wa masikio, pua na koo hapa Mwanza, mtu wa miaka mingi kazini, ambaye hakutaka jina lake. Haya ndiyo niliyoyabeba.

Kwanza, pua si pambo tu, ni njia ya hewa. Daktari anaanza kwa kukagua kama unapumua vizuri, kwa sababu kuibana pua kwa ajili ya sura kunaweza kukuachia tatizo la kupumua maisha yako yote. Pili, pua lazima iwe imemaliza kukua, wasichana kwenye miaka 15 au 16 hivi, wavulana 17 au 18. Tatu, aseme kama anavuta sigara, kama damu yake inachelewa kuganda, kama ana kawaida ya makovu ya kuvimba, maana kupunguza upana wa matundu huacha kovu. Nne, pua zetu nyingi zina ngozi nene na gegedu laini. Mara nyingi kazi inakuwa kuongeza mgongo wa pua badala ya kupunguza, kwa gegedu inayotolewa sikioni au ubavuni, na ngozi nene huficha ufundi mwingi uliofanyika chini yake. Uvimbe wote huchukua mwaka au zaidi kuisha. Kati ya watu 100, 5 hadi 15 hivi hurudi kufanyiwa tena. Na ukifanyiwa nchi ya mbali, jiulize nani atakuangalia ukirudi Chato na uvimbe umegeuka usaha.

Kisha akaniambia kuhusu picha. "Anayeniletea picha ya mtu mwingine naanza kumwogopa. Anayeniletea picha yake mwenyewe iliyorekebishwa na simu ndiyo namwogopa zaidi, kwa sababu anaamini ile ni ahadi." Na simu ni mwongo wa pande mbili. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba picha ya kujipiga kwa umbali wa sentimita 30 huifanya pua ionekane pana kwa takriban asilimia 30 kuliko ilivyo, wakati kwa umbali wa mita moja na nusu kasoro hiyo haipo. Kwa hiyo simu inaiharibu kwanza pua yako, halafu inakuuzia dawa. Wenzao wengine walikuwa wameonyesha mwaka 2017 kwamba upana wa matundu ya pua unaendana na joto na unyevu wa nchi za mababu. Pua pana imetengenezwa kwa hewa ya huku kwetu, haikukosewa.

Kuna pia wale ambao kisu hakiwafai kabisa. Mwaka 1891 Mwitaliano Enrico Morselli alieleza ugonjwa wa mtu kuteswa na kasoro ya mwili ambayo wengine hawaioni au wanaiona ndogo sana. Watu wapatao wawili katika kila mia wanao, na kwenye foleni ya upasuaji wa pua ni wengi zaidi. Hawa ukiwakata leo, kesho wanaona kasoro nyingine. Wanahitaji daktari wa akili, na si aibu. Madaktari wa Marekani walikuwa na kifupisho cha kuwaonya vijana wao kuhusu mgonjwa wa pua wa kuogopwa, walimwita SIMON, kila herufi na tabia yake: mseja, asiyekomaa, mwanaume, mwenye matarajio yaliyopitiliza, na anayejihusudu. Nilipohesabu nikakuta mimi mwenyewe nina tatu bila ubishi. Nyingine mbili waulizeni wanaonifahamu.

Lakini nisije nikawaacha na picha kwamba anayekwenda kwa daktari wa pua ni mwenye majivuno. Nina rafiki tuliyesoma naye, anachimba dhahabu maeneo ya Nyarugusu. Miaka mitano iliyopita alipigwa na mpini wa sururu ndani ya duara, pua ikavunjika ikakaa upande. Tangu siku ile anapumua kwa mdomo, anakoroma mpaka wenzake wanamhamisha kambi, na kichwa kinamgonga. Nilipomuuliza kwa nini haendi hospitali alinicheka. "Mambo ya pua ni ya mabinti wa Dar." Ndiye mgonjwa anayefaa kuliko wote, tatizo lake linaonekana, linapimika na linarekebika, na hospitali kubwa za Mwanza zinalijua. Haendi kwa sababu tumeshaamini kwamba pua ni urembo. Mwaka 2023 Mloganzila walipoanza huduma za upasuaji wa urembo, sisi wa magazeti tuliandika makalio tu. Hatukumwandikia huyu.

Nilipomaliza mahojiano daktari alinipa swali ambalo humuuliza kila anayekuja kwake. Nikampigia simu mdogo wangu jioni ileile, nikamsomea kama lilivyo: ukiipata hiyo pua, siku ya pili yake utafanya nini ambacho leo hukifanyi?

Nilitegemea aseme ataolewa, au atapiga picha nyingi. Alikaa kimya kidogo. Nikamsikia anasema, "Sitaziba uso nikicheka."

Sikuelewa mara moja. Kisha nikakumbuka. Mdogo wangu akicheka huinua kiganja na kufunika katikati ya uso, na sote nyumbani tunadhani ni haya za kike. Nikamuuliza alianza lini. "Wewe si unajua, kaka. Tangu mlipokuwa mnaniita Soketi Ndogo."

Mlipokuwa. Kwa heshima tu alitumia wingi. Nyumbani hakuna mwingine aliyemwita hivyo ila mimi. Nilichotupiwa shuleni nilikibeba mpaka nyumbani jioni nikamtupia mtoto wa miaka saba, kwa sababu ndiye pekee aliyekuwa mdogo kuliko mimi. Nimemsoma Speke, nimemsoma Joseph, nimewatafuta Wabelgiji na futi zao, nikiuliza nani aliyesema pua hii ni mbaya. Kumbe mtu wa mwisho kwenye mnyororo ule nilikuwa mimi.

Nilimwomba msamaha. Nilimwambia pia yote niliyoyapata, ya Karagwe, ya Berlin, ya marubani. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema kitu ambacho bado kinanizunguka. "Historia yako nzuri, kaka, lakini Speke amekufa zamani. Watu wa mwaloni wapo hai." Kisha akaongeza kwamba mimi ni mwanaume, pua yangu haikunizuia kitu, hata jina la Soketi niliacha kuitwa nilipoanza kusoma habari redioni. Sikuwa na jibu.

Wazee wanasema usikate pua kuunga wajihi. Nilifikiri nitamaliza makala hii kwa methali hiyo na kumwekea nukta. Siwezi. Fedha ni zake, pua ni yake, na maumivu ni ya kweli kama yalivyokuwa ya yule mtu wa Berlin. Tumekubaliana mambo mawili tu. Atakuja Mwanza kumwona daktari huyu, akaguliwe na aulizwe ana kwa ana, na mimi nitakaa nje ya chumba. Halafu asubiri mwaka mmoja. Ikiwa mwaka ukipita bado anataka, nitamsindikiza hata Uturuki na nitabeba begi.

Mwaka huo nami nina kazi yangu. Kila nikienda nyumbani nataka nimsikie anacheka, nione kiganja kinabaki chini. Ikishindikana itakuwa deni langu, na daktari hatakuwa na lawama.

Nanyi wasomaji, hebu kumbukeni. Kuna jina gani mliwahi kumpa mtu mdogo kuliko ninyi, mkacheka, mkasahau? Mpigieni simu. Tutaonana wiki ijayo, Mungu akipenda.